Kurudi si kurudia: wazee wa omutibo na somo la ratuni

Mkulima wa miwa wa Kabras anajua jambo ambalo mashabiki wengi wa muziki hawalitii maanani. Muwa ukikatwa haufi. Shina hubaki ardhini, mvua ikija huchipua, na mwaka mmoja na ushei baadaye trekta hurudi shambani kuchukua mzigo mwingine wa kupeleka kiwandani. Zao hilo la pili ndilo huitwa ratuni, na kila mwenye shamba kandokando ya barabara ya Kakamega kwenda Webuye anazijua tabia zake. Halihitaji mbegu mpya na hukomaa mapema kuliko zao la kwanza, lakini lisipopaliliwa na kutiwa mbolea hunyong'onyea, na baada ya mikato kadhaa shina huchoka kabisa, likang'olewa na shamba likaanza upya. Ratuni hutoka kwenye mizizi ileile, ila imekunywa mvua nyingine. Bendi kongwe inapotoa albamu baada ya miaka mingi ya kimya, mashabiki hushangilia kwamba shina halijafa, wakaishia hapo. Swali la mkulima lina manufaa zaidi: chipukizi hili limelishwa nini, au linakula tu akiba ya mizizi?

Kiswahili kimetuwekea vitenzi viwili vinavyotofautiana kwa herufi moja, na ndani ya herufi hiyo mna hoja yote ya makala haya. Kurudi ni kufika tena ulikotoka baada ya kupita kwingine, na ndiyo maana aliyerudi huulizwa habari za huko. Kurudia ni kufanya tena lilelile, na anayerudia hana habari ya kutoa kwa kuwa hakwenda popote. Albamu nyingi zinazotangazwa kuwa ni marejeo ya wakongwe ni za kurudia. Nyimbo ni zilezile, mpangilio ni uleule, kilichozidi ni mitambo safi ya studio na picha ya wazee waliovaa suti. Dai langu ni kwamba albamu ya uzeeni hustahili heshima pale tu mwanamuziki anaporudi na habari, pale umri wake, safari zake na hata hasara zake zinaposikika ndani ya sauti tuliyokuwa tukiijua. Katika eneo la magharibi mwa Kenya sijui ushahidi bora wa dai hilo kuliko ule wa watu watatu wa Bunyore walioitwa Abana ba Nasery, ambao mwanzoni mwa miaka ya 1990, baada ya miaka isiyopungua 25 ya kupiga gitaa, walitoa albamu iliyorekodiwa mbali na kwao bila kuacha kuwa ya kwao.

Gitaa lililokuwa na habari tangu mwanzo

Kabras haikuwazaa watu hao. Bunyore iko kusini, leo ndani ya Kaunti ya Vihiga, na lugha yao ya Lunyore si Lukabarasi. Lakini gitaa la omutibo, yaani gitaa kavu la Waluhya, halikuwahi kuheshimu mipaka ya jamii hizo za Mulembe. Lilisikika kwenye harusi na matanga kuanzia Kisa na Bunyore mpaka Malava, na sikio la Kabras, lililolelewa kati ya ngoma za isukuti za majirani wa Isukha na ala ya nyuzi ya litungu ya majirani Wabukusu, halikuhitaji mkalimani. Mtu aliyelifanya lisikike nchi nzima ni George Mukabi wa Kisa, aliyeaga dunia mwaka 1963 akiwa bado kijana, akiacha nyimbo zinazopigwa hadi leo. Mtindo wake ulitumia kidole gumba na cha shahada: gumba likitunza mwendo kwenye nyuzi nene, shahada ikisimulia kwenye nyembamba, huku mwenzake akikwaruza mgongo wa chupa ya Fanta yenye mifereji. Kwa ala hizo mbili tu, mwendo wa ngoma na maneno ya litungu vilihamia kwenye sanduku la mbao lililotengenezwa ng'ambo.

Ni muhimu kukumbuka kwamba gitaa hilo lilikuwa mgeni. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, askari waliorudi kutoka Burma na kwingineko walirudi nalo, na katika miaka ya 1950 santuri za Katanga zilifika Nairobi na kuvuka hadi vijijini. Jean Bosco Mwenda, ambaye Hugh Tracey alimrekodi huko Kongo mwaka 1952, alikuja mwenyewe Nairobi mwishoni mwa muongo huo, na Edouard Masengo naye akawa sauti iliyozoeleka humu nchini. Vijana wa Luhya waliwasikiliza, wakaazima vidole vyao, kisha wakavirudisha kwenye mapigo ya nyumbani. Kwa hiyo kinachoitwa asili ya omutibo ni mchanganyiko uliokwisha kukolea. Nalitaja hili mapema kwa sababu pingamizi kubwa dhidi ya albamu ninayoizungumzia hudai kwamba ilichanganya mambo, na pingamizi hilo husahau kwamba kuchanganya ndiko kulikozaa mtindo wenyewe.

Abana ba Nasery, yaani watoto wa nasari, walianza katika kizazi kilichomfuata Mukabi. Shem Tube aliongoza kwa sauti na gitaa, Justo Osala akajibu kwa gitaa la pili, na Enos Okola akashika chupa. Sauti zao tatu zilipangwa kwa ulinganifu ambao anayeijua kwaya ya kanisa hawezi kuukosa, na Bunyore, penye misheni ya Kima ya Church of God tangu mwanzoni mwa karne iliyopita, haikukosa kwaya. Walirekodi santuri katika miaka ya 1960 na 1970, wakiimba kwa Lunyore na kwa Kiswahili juu ya mapenzi, ndugu, marafiki na tabia za watu. Kisha nyakati zikawageuka. Benga ya gitaa la umeme ilipanda kutoka Nyanza, rumba ya Wakongo ikateka kumbi za Nairobi, na gitaa kavu likaonekana kuwa kitu cha baba zetu. Wenyewe walijaribu kwenda na wakati. Akina Tube walipiga pia gitaa za umeme chini ya majina kama Mwilonje Jazz na Super Bunyore. Msomaji asiipuuze hatua hiyo akidhani ni kupotea njia, kwa sababu ni sehemu ya habari walizorudi nazo baadaye.

Mkusanyiko mmoja, albamu moja

Mwaka 1989 lebo ya GlobeStyle ya London, ambayo wakati huohuo ilikuwa ikitoa mfululizo wa rekodi za taarabu ya Zanzibar, ilikusanya santuri za zamani za Abana ba Nasery na kuzitoa kwa wasikilizaji wa Ulaya. Ule ulikuwa mkusanyiko mzuri, na bila huo huenda santuri nyingi zingekwaruzika na kuishia jaani. Lakini ulikuwa kazi ya kurudia, na ndivyo mkusanyiko unavyopaswa kuwa: kusema tena kilichokwisha semwa ili ambaye hakusikia asikie. Kama hadithi ingeishia hapo, Abana ba Nasery wangekuwa kama mzee anayepigwa picha na watalii kisha akaachwa mlangoni. Kilichofuata ndicho kinachotuhusu. Mwaka 1991 watatu hao walikwenda Uingereza kwa ziara, wakaingia studio, wakarekodi albamu mpya iliyoitwa "Nursery Boys Go Ahead!" Jina lenyewe lilikuwa jibu. Dunia ilitarajia watoto wa nasari warudi darasani wakasome somo la zamani, wenyewe wakatangaza kwamba wanasonga mbele.

Ndani ya studio waliketi na watu ambao Bunyore haikuwahi kuwasikia: Ron Kavana wa Ayalandi, wanamuziki wa kundi la Oysterband, na wenzake Ben Mandelson wa kundi la 3 Mustaphas 3, Mandelson huyo akiwa mmoja wa waanzilishi wa GlobeStyle. Kukawa na zumari ya mfuko ya Kiayalandi na kodiani pembeni ya chupa ya Fanta. Kwenye karatasi, orodha hiyo inatisha, kwa sababu tumezisikia albamu nyingi ambamo mwanamuziki wa Kiafrika huwekwa mbele kama pambo huku wageni wakifanya muziki wao nyuma yake. Hapa mambo yalikwenda kinyume. Mwendo ulibaki wa chupa na gumba, na kila mgeni aliyeingia alilazimika kutafuta nafasi ndani ya mwendo huo, kama mkwe anavyofundishwa mahali pa kukaa katika boma la wenyewe. Kodiani, ambayo Mkenya anaijua kupitia mwomboko wa Wakikuyu, haikutawala. Ilijaza mapengo ambayo gitaa la pili lilikuwa limeyaacha kwa makusudi. Kundi lililokwisha jaribu umeme, likashindana na benga, likarudi kwenye mbao, lilikuwa limejifunza kujua kipi kikiondolewa nyumba inaanguka na kipi ni pazia tu. Kijana wa miaka 20 hana ujuzi huo hata awe na vidole vyepesi namna gani, na hiyo ndiyo habari waliyorudi nayo.

Benki ya kusaidiana

Ili tusidhani hili ni jambo la Waluhya peke yao, tutazame mbali kidogo, Italia. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 nchi hiyo ilizaa bendi za mtindo wa roki ya progresivu, wenye nyimbo ndefu zinazounganisha gitaa la umeme, vinanda na mipangilio iliyoazimwa kutoka muziki wa kale wa Ulaya. Mojawapo iliitwa Banco del Mutuo Soccorso, ambayo tafsiri yake ni benki ya kusaidiana, jina ambalo mwanachama yeyote wa chama cha Malava angelielewa bila kuuliza. Albamu yao ya kwanza ya mwaka 1972 ilitoka ndani ya jalada lililokatwa kwa umbo la kibubu cha udongo. Miaka ikapita. Baada ya albamu ya mwaka 1994, bendi haikutoa albamu nyingine ya nyimbo mpya kwa robo karne. Mwimbaji wao, Francesco Di Giacomo, mtu aliyekuwa uso na sauti ya bendi, alifariki katika ajali ya barabarani mwaka 2014, na mpiga gitaa wao wa muda mrefu, Rodolfo Maltese, akafuata mwaka uliofuata. Watu wengi wangefunga duka. Mpiga kinanda Vittorio Nocenzi akakusanya damu changa, na mwaka 2019 wakatoa "Transiberiana", albamu iliyojengwa juu ya taswira ya safari ya treni kuvuka Siberia.

Wenzao wa wakati wao, Premiata Forneria Marconi wa Milano, walikuwa wamerudi miaka miwili kabla yake na "Emotional Tattoos", albamu waliyoitoa kwa Kiitaliano na kwa Kiingereza kwa pamoja. Hao nao walikuwa na historia ya kusafiri: mwaka 1973 nyimbo zao zilivikwa maneno ya Kiingereza na kupelekwa kwa wasikilizaji wa Uingereza na Marekani. Tukizilinganisha bendi hizo mbili na watatu wa Bunyore, tofauti za fedha, mitambo na magazeti ni kubwa mno. Hata hivyo kipimo ni kimoja. Banco walipoteza mtu asiyezibika pengo, na hawakuajiri mwigaji wa kulijaza. Waliandika nyimbo mpya juu ya safari, hatari na kufika. Kibubu kile cha mwaka 1972 hakikuwekwa kabatini kiangaliwe. Kilivunjwa, na akiba ikanunua kitu kilichohitajika leo.

Karibu zaidi na kwetu, Orchestra Les Mangelepa, bendi iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1976 na wanamuziki wa Kongo waliojitenga na Baba Gaston, ilirudi mwishoni mwa miaka ya 2010 na albamu yenye jina la Kiingereza linalojitangaza kuwa bendi ya mwisho iliyobaki imesimama. Sehemu kubwa yake ni nyimbo zao zilizovuma zamani, zikarekodiwa upya. Napenda tarumbeta zake, na ni haki kusema kwamba wazee hao walipiga kwa nguvu inayoaibisha bendi za vijana. Lakini jina lenyewe linaonyesha mpaka wa kazi hiyo. Fahari yake iko katika kubaki, na kubaki si safari. Nitaiita ratuni iliyostawi vizuri kwenye shina imara, nikijua kwamba mkato unaofuata utahitaji mbolea.

Mapingamizi manne

Pingamizi la kwanza ni la shabiki mwenyewe. Atasema: mimi nilinunua tikiti kusikia wimbo ulionichumbia mke wangu, hizo habari za safari mwambieni mwingine. Ana haki yake, na hakuna bendi kongwe inayoweza kumdharau ikabaki na watu ukumbini. Ila wimbo wa zamani haulazimishi kurudia. Tazama methali inavyofanya kazi. Maneno yake hayabadiliki, lakini mzee anayeitamka barazani huitamka kwa ajili ya kesi iliyo mbele yake, na hekima yake hupimwa kwa jinsi alivyolinganisha maneno ya kale na jambo jipya. Mwanamuziki mwenye umri anaweza kuuimba wimbo wa ujanani kwa namna hiyo, polepole zaidi, kwa sauti iliyoshuka, akiuacha mstari wa majigambo usikike kama majuto. Redio zetu zimezoea kuziita nyimbo hizi zilizopendwa, na wakati uliopita ulio ndani ya neno hilo umefanya madhara makubwa kimyakimya. Umetufundisha kwamba mapenzi hayo yalikwisha na kilichobaki ni kumbukumbu, kwa hiyo mzee akija na wimbo mpya tunamtazama kama aliyekosea kipindi.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi. Linasema kwamba albamu ya Abana ba Nasery ilikuwa mradi wa wazungu: lebo yao, studio yao, wageni wao, na wanunuzi wao. Kuiita marejeo ni kujidanganya, kwa sababu haikurudi Bunyore wala Kabras. Upande mmoja wa pingamizi hili siwezi kuukana. Albamu ilitolewa London, na mwananchi wa kawaida wa Kakamega alikuwa na uwezekano mdogo wa kuikuta dukani kuliko mkazi wa Manchester. Lakini upande wa pili, unaosema kwamba mkono wa mgeni uliufanya muziki usiwe wao, haukubaliki. Tuna mfano wa kulinganisha. Mwaka 1968 kundi la Waingereza liitwalo The Tremeloes liliuchukua wimbo wa Daudi Kabaka, "Helule Helule", likauimba kwa namna yake na ukaingia katika chati za Uingereza. Pale wimbo ulisafiri na mwenyewe akabaki Nairobi. Mwaka 1991 wenyewe walisafiri, wakakaa katikati ya chumba, wakaweka mwendo, na Mwingereza ndiye aliyejifunza kuufuata. Anayeona matukio hayo mawili kuwa sawa anahesabu rangi za watu waliokuwamo chumbani na kusahau kuuliza ni nani aliyekuwa akiongoza.

Pingamizi la tatu huuliza kama bendi iliyopoteza watu wake bado ni bendi. Wapo wasemao kwamba Banco bila Di Giacomo ni jina tu, na kwamba bila Tube hakuna Abana ba Nasery. Kabras ina jibu lake, na halitoki kwenye muziki. Timu ya raga ya Kabras Sugar ilitwaa Kombe la Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 2016, ikangoja hadi 2022 kulitwaa tena. Mashabiki waliolipokea la pili hawakuanza kwa kuhesabu ni wachezaji wangapi wa 2016 walikuwa bado uwanjani. Waliangalia kama timu inacheza Kikabras. Jezi huweza kuvaliwa na mwingine mradi mchezo uendelee kuwa na tabia yake. Kwa bendi, tabia hiyo ndiyo shina, na mtu mmoja mmoja ni mkato wa msimu. Nakiri kwamba zipo bendi ambazo tabia yao yote ilikuwa koo la mtu mmoja, na hizo zikimpoteza ni heri zinyamaze. Omutibo si mtindo wa aina hiyo. Ulijengwa kwa mgawanyo wa kazi, gitaa, gitaa na chupa, na mgawanyo wa kazi unaweza kurithiwa.

Pingamizi la nne ndilo linalosikika zaidi hapa nyumbani: albamu ni mambo ya mjini, muziki wetu huishi matangani na harusini, na mradi kuna mtu wa kupiga usiku kucha, nani anahitaji sahani ya plastiki iliyotengenezwa London? Kama maisha hayo ya muziki yangekuwa salama, ningenyamaza. Lakini mwaka 2014 UNESCO iliiingiza ngoma ya isukuti ya Isukha na Idakho, majirani zetu wa kusini, katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa dharura. Ngoma inayopigwa mlangoni pako ikifikia kuwekwa kwenye orodha hiyo, ni vigumu kudai kwamba kijiji peke yake kitautunza muziki wake. Matanga yenyewe yamebadilika. Spika zilizokodiwa na kijana mwenye kompyuta zimechukua nafasi ya wapiga gitaa, kwa kuwa ni nafuu na hazihitaji kulishwa. Albamu haiponyi hali hiyo. Inachofanya ni kuacha ushahidi wenye tarehe kwamba watu fulani, wakiwa na umri fulani, waliuchukua mtindo huu wakaufikisha mahali fulani, ili atakayekuja asidhani ulikomea kwa Mukabi mwaka 1963.

Kazi iliyobaki upande wetu

Kutokana na haya yote, lawama kubwa haiwaangukii wakongwe wanaorudia. Mzee huimba anachoombwa, na sisi tumemwomba arudie. Tunamwalika kwenye sikukuu ya Madaraka apige wimbo mmoja wa mwaka 1966, tunampigia makofi, tunampa bahasha, tunamrudisha nyumbani kwa bodaboda. Hatujamuuliza ana nini kipya. Studio ziko Kakamega mjini, na stesheni za Kiluhya kama Mulembe FM zinasikika kila kona ya Kabras, kwa hiyo kisingizio cha umbali kilichokuwapo mwaka 1991 hakipo tena. Nairobi, kikundi cha Ketebul Music kilichoanzishwa na Tabu Osusa kimeonyesha tangu mwaka 2007 kwamba Mkenya anaweza kufanya kazi ya kutafuta, kurekodi na kuandika historia ya wanamuziki wake bila kungoja tikiti ya London, na mradi wao juu ya benga ulikuwa miongoni mwa kazi za mwanzo. Gitaa kavu la magharibi linastahili uangalifu wa namna hiyo. Likiupata, sharti liwe moja: mzee akiingia studio asipewe orodha ya nyimbo zake za zamani kabla hajaulizwa amekuwa wapi.

Huenda vitu vyenyewe vitatulazimisha tukatae kurudia hata tusipotaka. Chupa ya Okola ilikuwa ya kioo kizito chenye mifereji iliyotiwa kiwandani ili soda ionekane nzuri dukani, na mpiga muziki akagundua kwamba mifereji hiyo ni ngoma. Siku hizi soda nyingi huuzwa kwenye plastiki, na ukikwaruza plastiki hupati mlio, unapata kelele ya karatasi. Kijana wa Malava anayetaka kupiga omutibo leo ana njia mbili. Anaweza kutafuta chupa ya zamani kwa bei ya kitu cha makumbusho, akaitunza isivunjike. Au anaweza kufanya kama alivyofanya wa kwanza aliyechukua chupa tupu mezani: kuangalia kilichomzunguka, bomba la chuma, kopo, rinda la bati la paa, akikwaruze kila kimoja na kusikiliza mpaka apate kinacholia.